Daktari Hakuonja

Mwanaidi aliniletea kompyuta ya marehemu baba yake ikiwa imefungwa kwa khanga mbili, kwenye kiti cha nyuma cha gari la shemeji yake, kutoka Kibondo mpaka hapa kwangu Kasulu. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu tumzike Mzee Athumani. Akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, kati ya simu zilizovunjika vioo na redio ya mchungaji, akasema, "Dada Edina, humu mna barua ambazo baba alikuwa akiwaandikia ndugu zake Bagamoyo. Ukiweza kuzitoa, zitoe. Ukishindwa, itupe tu, mama hataki kuiona." Nikamjibu kwamba mashine haijanishinda bado, na hayo si majivuno, ni taarifa. Nina zaidi ya miaka ishirini katika ufundi huu, nina wanafunzi watatu, na kibao mlangoni kinasema FUNDI EDINA bila kuongeza neno. Lakini nilipofungua khanga ya pili na kuliona lile ua lililokatwa kwenye karatasi ya sabuni, nililolibandika mwenyewe ubavuni mwa mashine nikiwa na miaka kumi na tisa, nilivuta stuli nikakaa. Mashine hiyo ndiyo iliyonifanya fundi. Mbele yake pia nilimpoteza rafiki kwa neno moja, nililolitamka kwa sauti, watu wakisikia.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala kwetu tulilima nini. Anayetaka hayo aje tuongee. Nianzie kwenye duka. Duka la Mzee Athumani lilikuwa chumba kimoja kirefu karibu na soko la Kibondo, kimepakwa bluu mpaka usawa wa kiuno na nyeupe juu yake. Mbele kulikuwa na madaftari, kalamu na kioo cha kuhifadhia stempu. Katikati mashine ya fotokopi iliyonguruma. Na nyuma, kando ya pazia, ilikaa kompyuta. Mimi ndiye niliyekuwa mchapaji. Jenereta liliwashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni, na katikati ya saa hizo nilichapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, kadi za harusi na mitihani ya shule zote za jirani. Saa saba Bi Zuhura, mke wa Mzee, alikuja na hotpoti mbili. Huyu mama wa pwani hakuwahi kuisamehe nchi yetu ya bara kwa kukosa nazi. Kila siku alifungua kifuniko akasema, "Haya, kuleni maharage ya mawese, nazi wamebaki nayo watu wa pwani," na kila siku maharage yale yalikuwa matamu kuliko yote niliyokula kabla yake. Tulikula nyuma ya kaunta, watu watatu sinia moja, huku wateja wakitusubiri na kujikaribisha kwa macho.

Gemu tuliikuta ndani ya mashine. Mzee aliinunua kompyuta kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na sidii ikasahauliwa tumboni. Ulipoifungua uliona nyumba kubwa ya mawe kando ya ziwa, miti haina majani, na ndani tajiri mzee amekufa kitandani. Wewe ulikuwa mpelelezi. Sura yako haikuonekana, ulionekana mkono tu, na kazi ya mkono ilikuwa kugonga vitu: unapeleka mausi kwenye droo, unagonga, droo inafunguka, unagonga buti, unaona tope, unagonga barua, inakunjuka. Kitu cha maana uliweza kukitia mkobani. Mwisho wa yote ungewakusanya watu wa nyumba ile kwenye chumba cha kulia, ukamgonga mmoja na kusema, huyu ndiye. Walikuwa wanne: mke wa marehemu, daktari wa familia, mpishi na mtunza bustani. Mwezi mzima niligonga peke yangu kila kazi ilipopungua. Nilifungua droo zote za nyumba ile na sikuelewa hata neno, kwa sababu gemu nzima ilikuwa kwa Kifaransa.

Consilia alikuja mwezi wa pili. Alikuwa Mrundi, amenizidi miaka miwili, msaidizi wa mwalimu katika kambi ya Mtendeli, na alipewa kibali cha kuja mjini kila Alhamisi na Jumamosi, kwa lori, kuchapisha mitihani ya Kifaransa ya shule ya kambini. Alikuwa mrefu, na kovu dogo lilikata nyusi yake ya kulia. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi akisubiri fotokopi, na mimi nikawa nimefungua gemu. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Barua hiyo inasema mke hakulala nyumbani Jumanne." Nikageuka. Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Nimeisoma," akasema. Nikamsogezea kiti.

Kuanzia hapo tukawa mpelelezi mmoja mwenye miili miwili. Mimi mkono, yeye ulimi. Kiha changu na Kirundi chake havikuhitaji mkalimani, Kiswahili tukakiacha kwa ajili ya wateja. Nilimwekea sharia moja, kwamba tunagonga kila kitu, hata kisicho na sababu: pazia, majivu, paka. Niliiamini sharia hiyo sana na niliitangaza kwa kila aliyesimama nyuma yetu. Ndiyo maana hata glasi ya meno ya bandia ya yule marehemu, iliyokaa karibu na kitanda chake, tuliigonga. Consilia akasoma, "Meno ya bwana, ndani ya maji," tukacheka mpaka Mzee akachungulia kuona kuna nini. Watu waliokuja kupiga fotokopi walizoea kutusikia tukinong'ona habari za kuuawa kwa mtu, na mama mmoja wa Kifura aliwahi kumwuliza Mzee kwa wasiwasi kama polisi wameshaarifiwa. Mzee akamjibu kwa utulivu, "Mama, hao wawili ndio polisi."

Consilia hakuja mikono mitupu. Kambini walinunua ndizi mbivu, na yeye alijua kukamua mutobe, maji matamu ya ndizi yasiyochachishwa, akauleta kwenye kidumu kwa kuwa Mzee hakugusa pombe. Mara za kwanza alifanya kama tunavyofanya sote huku: alimimina kikombeni, akanywa funda moja mbele yangu, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akanipa. Anayekukaribisha ndiye anayetangulia kuonja, ili uone kwamba hakuna alichokutilia. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba kinywaji kisichoonjwa na mmiminaji kina neno ndani yake.

Na hapo ndipo gemu ilipotuangusha. Mwezi wa sita tuligonga picha ukutani, ikafunguka ikatuonyesha usiku wa mwisho wa yule mzee. Tulimwona mke wake anamletea supu: anachota kijiko, anapuliza, anaonja yeye kwanza, ndipo anamlisha. Kisha tukamwona daktari anamimina kitu cha kahawia kwenye glasi ndogo na kumkabidhi vivyo hivyo.

"Umeona?" nikamwuliza Consilia.

"Nimeona. Ntiyasogongeye." Maana yake, hakuonja.

Nyuma yetu alikuwa amesimama Mwalimu Kessy, mtu wa Moshi aliyeletwa kufundisha hesabu sekondari, ambaye alikuja kuchapa mtihani mmoja na kubaki saa mbili kila wiki. "Hata kwetu," akasema, "mtu hapewi pombe ya mbege kabla mwenyeji hajaionja. Huyo daktari ni muuaji. Mfungeni mapema, anaweza kutoroka."

"Sisi Bagamoyo hatuonjeani," Mzee akasema kutoka kaunta. "Tunasema bismillahi, tunakunywa."

"Ndiyo maana ndugu zako waliugua matumbo harusini kwetu," Bi Zuhura akamwambia, na mjadala ukafungwa.

Mke wa marehemu tukamwachia palepale, maana alionja. Tukaenda chumba cha kulia, nikamgonga daktari kwa kidole cha hakimu. Daktari akalia. Taa za nyumba zikazimika moja moja, yakatokea maandishi, na Consilia akayasoma polepole: "Umemfunga asiye na hatia. Muuaji amelala usingizi mwema." Mwalimu Kessy alikasirika, akasema waliotengeneza gemu hiyo hawajui maisha. Mimi nilikasirika zaidi, kwa sababu sikuzoea kukosea mbele za watu. Consilia alicheka hadi akakaa sakafuni. "Wale hawaonjeani, dada," akasema. "Kila mtu pale ana glasi yake. Tumewahukumu kwa kikombe chetu." Nikacheka naye, lakini somo lenyewe lilinipita.

Bahati nzuri tulikuwa tunasevu. Kabla ya kuzima nilikuwa nahifadhi pale tulipofika na kupaandikia jina, na gemu ilikuwa na orodha yake: ya karibuni juu, za zamani chini, nane zinaonekana na nyingine zimefichwa chini ya kishale kidogo. Tulirudi kabla ya kumshitaki daktari tukaanza upya. Miezi ile ya kiangazi ndiyo furaha niliyo nayo nikikumbuka ujana. Nilijifunza maneno mia mbili ya Kifaransa, yote ya mauaji na vyombo vya nyumbani. Consilia alijifunza kuchapa bila kutazama vidole. Alinisimulia kilima cha kwao, ng'ambo ya mpaka pale Nyabibuye, ambacho siku za mvua kubwa alisema angeweza kukinusa kutoka Mtendeli. Nilimwamini.

Mwezi wa kumi na moja mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, majina ya wanaorudi Burundi yalibandikwa kambini na la Consilia lilikuwamo. "Kabla ya Krismasi," aliniambia, "na sijui kama nafurahi." Tukakubaliana jambo moja, kwamba hatutaagana kabla hatujamjua muuaji, na kwamba tutamtaja tukiwa wote wawili, mkono wake juu ya mkono wangu. Aliyelitaka hilo zaidi ni mimi. La pili lilikuwa dogo hata sikulihesabu. Jumatano moja asubuhi mashine ilipowaka ilisimama kwenye skrini nyeusi yenye mistari miwili ya Kiingereza, ikingoja nibonyeze kitufe cha F1. Nikabonyeza, ikaendelea. Mzee akauliza inasema nini. "Inasalimia tu, Mzee," nikamjibu, na nikamwonyesha kitufe.

Kesho yake malaria ilinilaza. Consilia alikuja, akachapa mitihani yake, na Mzee akamwambia kama anataka kucheza acheze, jenereta bado linaunguruma. Ijumaa Mzee alikuja kunijulia hali, akaniambia kwa nia njema kabisa: "Mwenzio jana alipiga makofi peke yake huku nyuma. Alicheka kweli. Nadhani amemkamata mtu wenu." Nililala na neno hilo siku nzima. Nilijiambia asingeweza. Kisha nikajiambia, kwa nini apige makofi?

Jumamosi alikuja na kidumu chake. Mwalimu Kessy alikuwapo, Bi Zuhura alikuwapo na hotpoti zake, na kulikuwa na wateja wanne au watano kwenye benchi. Consilia alikuwa na uso wa mtu aliyebeba zawadi. Akamimina mutobe kikombeni, akanipa moja kwa moja, akavuta kiti. "Nimefika chumba cha kulia, dada," akasema. "Namjua. Sijamgonga. Nimesevu pale pale, nimekungoja." Nikakiweka kikombe kando ya mausi. Nikafungua orodha. Juu kabisa ilikuwa ile ya Jumamosi iliyopita, niliyoihifadhi mwenyewe kwa jina BUSTANI. Ya Alhamisi haikuwapo.

"Iko wapi?" nikamwuliza.

Akainama kutazama. "Nilisevu."

"Ningeiona. Ya karibuni inakaa juu. Wewe unajua inakaa juu."

"Nilisevu, Edina. Labda mashine."

"Mashine haisemi uongo," nikasema, na niliamini kabisa. "Umemaliza peke yako. Ukamtaja, ukapiga makofi, ukaona haya ukafuta. Ungesema tu." Ningeweza kuishia hapo na tungepatana kabla ya chakula. Lakini nilikuwa na homa bado mwilini, na nilikuwa na watu wa kunitazama, na nilikuwa nimeshamwona ni mkosaji kiasi kwamba kila kitu chake kilikuwa ushahidi. Macho yangu yakashuka kwenye kikombe. "Ndiyo maana," nikasema, "hata mutobe hukuonja."

Nimewahi kutukanwa na nimewahi kutukana, lakini huku kwetu hakuna tusi la kulifikia hilo. Kumwambia mtu hukuonja ni kumwambia umekuja kuniua. Mwalimu Kessy aliweka kalamu yake chini. Consilia alinyoosha mkono, akakichukua kikombe, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, macho yake yakiwa kwangu, kisha akakifudikiza mezani. "Mgeni ndiye anayeonjewa," akasema. Akakusanya karatasi za mitihani, akawaaga Mzee na Bi Zuhura kwa adabu zote, akatoka.

Nilibaki nimekaa kama mshindi wa kesi. Aliyenivua ushindi ni Bi Zuhura, wakati akipakua maharage. Hakupandisha sauti. "Wewe mwana, huyu binti ameacha kukuonjea tangu lini?" Nikaanza kukumbuka. Nikakumbuka Jumamosi iliyopita, hakuonja. Mwezi uliopita, hakuonja. Nikarudi nyuma mpaka mwezi wa sita, wiki ileile ya daktari, alipomimina akanipa huku akiendelea kucheka, nami nikanywa bila kutambua. "Mimi nimekaa na huyu mzee miaka kumi na minane," Bi Zuhura akasema, "sijamwonjea chai hata siku moja. Ungemwonjea mama yako?" Sikula mchana ule. Mutobe ulibaki kwenye kidumu mpaka ukachacha wenyewe.

Nilijua nimekosa. Nilichokosa kufanya ni kuondoka palepale kumfuata. Nilisema atakuja Alhamisi. Alhamisi mitihani ililetwa na mwalimu mwingine. Nikasema Jumamosi. Mtu mwenye kiburi ana subira ya ajabu. Wiki ya tatu ndipo nilipopanda lori la magunia mpaka Mtendeli, nikiwa na barua mfukoni kama nitashindwa kusema. Nyumba ilikuwapo, mlango haukuwapo. Walikuwa wameung'oa kwenda nao. Jirani aliyekuwa anaanua unga wa muhogo aliniambia waliondoka Ijumaa, kwa gari la pili. Nilisimama kwenye kizingiti kile nikalia, mbele ya mtu nisiyemjua, na yule mama akanipa maji ya kunawa uso.

Mzee aliifunga gemu kwa neno moja tu: "Sitaki tena kuiona ikifunguliwa dukani kwangu." Mwaka mpya ulipoanza nikahamia Kasulu kujifunza ufundi. Niliingia ufundini nikiwa na swali ambalo sikumwambia mtu, kama kitu kilichofutwa kwenye mashine kinaweza kurudi, na kama mashine inaweza kusema nani amekifuta. Nikawa fundi mzuri kwa sababu ya sharia ileile ya zamani. Wanafunzi wangu wanaijua: usiniambie simu imekufa kabla hujagusa kila kitu. Lakini niseme ukweli wote, kwa kuwa nimeanza kusema. Neno la kuonja nililijutia miaka yote hiyo. La kusevu sikulijutia. Niliendelea kuamini kwamba Consilia alimaliza gemu peke yake akadanganya, na nikawa nimemsamehe, na nikajiona mtu mwema kwa kumsamehe.

Basi nikaiwasha mashine ya marehemu. Ilikohoa, ikanguruma, ikasimama kwenye skrini nyeusi yenye mistari miwili ya Kiingereza. Kidole changu kilikuwa tayari kimekwenda kwenye F1 chenyewe, kama zamani. Nikakizuia. Nikaisoma. Ilisema kwamba betri ya saa imekufa na tarehe imepotea.

Betri hiyo ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati. Nimebadilisha mamia. Kazi yake ni kuikumbusha mashine leo ni lini umeme unapokuwa umezimwa. Ikifa, kila asubuhi mashine inaamka ikidhani imerudi kwenye tarehe ya mwanzo kabisa, miaka mingi kabla, na kila utakachohifadhi siku hiyo itakiandika kuwa ni cha zamani kuliko vyote. Nilikaa kwenye stuli. Mwanafunzi wangu mmoja akauliza, "Mama, imekushinda?" Nikamwambia anipishe.

Sidii ilikuwa bado tumboni. Nikafungua gemu, nikafungua orodha. Juu kabisa, BUSTANI. Nikapeleka mausi kwenye kile kishale cha chini, ambacho mimi, mgongaji wa mapazia na majivu na paka, sikukigonga Jumamosi ile. Nikagonga. Nikashuka, nikashuka, mpaka mwisho wa orodha, chini ya siku ya kwanza tuliyocheza, kwenye tarehe ambayo hata mashine yenyewe haikuwa imeundwa. Palikuwa na jina moja kwa Kirundi: NDAKURINDIRIYE. Maana yake, nakungoja.

Nikaifungua. Chumba cha kulia, wote wanne wamekaa, hakuna aliyeguswa. Mkobani mlikuwa na kitu kimoja kipya, kimefungwa kwa leso: glasi ya meno ya bandia. Alikuwa ameirudia, akaigonga mara ya pili, na maandishi chini yake, kwa Kifaransa nilichoweza kukisoma, yalisema sumu ilikuwa kwenye maji yale. Aliyeyabadilisha kila jioni ni mke, yule aliyeonja supu. Tulikuwa tumemwachia miezi mitano kwa sababu ya kijiko kimoja. Sikumgonga. Nikazima mashine, nikaenda nyuma ya banda, nikalia kama nilivyolia kwenye kizingiti, na safari hii hakuna aliyenipa maji.

Barua za Mzee nilizitoa zote siku hiyo na Mwanaidi akazichukua. Kumtafuta Consilia kulinichukua wiki tano. Kuna mama wa Titye, mnunuzi wa maharage, anayefika mpaka mpakani na kuniletea simu zake nizitengeneze; nikamwambia natafuta mwalimu wa Kifaransa, mrefu, nyusi ya kulia imekatwa na kovu, kilima cha ng'ambo ya Nyabibuye. Safari ya pili akarudi na namba. Nilipiga nikiwa nimesimama.

"Consilia? Ni Edina. Edina wa Kibondo."

Nilisikia kuku, na mtu akifunga mlango. "Edina wa mashine?"

"Ego," nikaitika, yaani ndiyo.

Nikamsikia akivuta kiti. "Ulishamtaja?" akauliza.

"Bado."

"Na mimi bado," akasema.

Tulikutana Nyabibuye siku ya gulio, kwenye mgahawa wa mabenchi mawili, mahali watu wa ng'ambo wanapofika bila shida. Amekuwa na mvi, amenenepa kidogo, kovu liko palepale. Niliweka kompyuta yangu ya mkononi mezani, pamoja na mausi. Gemu nilikuwa nimeihamishia humo, nikatumia siku mbili kuilazimisha ikubali. Sikumpa nafasi ya kuanza. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi mara mbili, kwa neno la kuonja na kwa neno la uongo, nikamweleza betri, tarehe, kishale, jina lake chini kabisa ya orodha.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. "Betri," akasema.

"Betri."

"Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeifuta," akasema. "Kwa hasira, kwa sababu nilitangulia. Miaka yote nilijiambia nimekusamehe." Tukatazamana wanawake wawili wazima, kila mmoja na msamaha wake usio na kazi mkononi, na mwenye mgahawa akaja kuona wanaocheka hivyo ni akina nani.

Nilikuwa nimekuja na kidumu. Nilikamua mwenyewe, ndizi za Kasulu. Nikaomba kikombe, nikamimina, na hapo mkono wangu ukasita hewani. Miaka zaidi ya ishirini ni mingi, na mtu aliyekaa muda wote huo mbali ni mgeni kwa sharia yoyote ile; mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kukielekea kikombe. Consilia aliuona mkono. Nikakipeleka kikombe kwake moja kwa moja, sikuonja.

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa hadi nusu, akanirudishia bila kufuta ukingo. Nikanywa iliyobaki. Akavuta benchi lake karibu na langu, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, juu ya mausi.

"Haya, dada," akasema. "Gonga."